Jicho limezama baada ya kugongwa: je, ni lazima titani ya kupimiwa?

"Daktari, salamu. Mimi ni fundi wa mjengo, nina miaka 34, nakaa Kayole. Wiki saba zilizopita ubao wa jukwaa uliniangukia ukanigonga jicho la kushoto. Hospitalini nilipigwa skani ya kichwa, nikaambiwa ubongo uko sawa, ila kuna mfupa mdogo umepasuka chini ya jicho na utapona wenyewe. Uvimbe umeisha lakini jicho limezama ndani, na nikitazama juu naona vitu viwili viwili. Kupanda ngazi siwezi. Shavu na meno ya juu upande huo yana ganzi. Juzi daktari mwingine ameniambia nahitaji kuwekewa kipande cha titani kinachotengenezwa kwa kipimo changu mwenyewe. Bei yake imenitoa jasho, na nyumbani wameanza kuzungumzia mchango. Mjomba anasema upasuaji wa hapo ni kung'olewa jicho, na kwamba chuma kitashika kutu mwilini. Je, ni lazima? Kwa nini nisiwekewe kile cha kawaida ambacho ni nafuu? Na je, nimechelewa?"

Kaka, pole sana. Wiki saba za kuona kila kitu mara mbili ni nyingi kwa mtu ambaye riziki yake iko juu ya ngazi. Ninavyoielewa barua yako, unataka kujua kama kazi hii ina maana, kama muda umekupita, na kama pesa za jamaa zako zitakwenda mahali pa haki. Nitayajibu yote kadiri ya uwezo wangu, ila kukuambia "fanya" au "usifanye" bila kuliona jicho lako na skani yako itakuwa kukudanganya.

Nianze na mjomba, maana hofu yake naisikia kliniki kila wiki. Jicho halitolewi. Mpasuaji huingia kwa ndani ya kope la chini, kwenye ngozi laini ile ya waridi unayoiona ukilivuta kope, kwa hiyo mara nyingi hata kovu la nje huachwi nalo. Jicho huinuliwa taratibu kwa kijiko chembamba cha chuma, mafuta na nyama zilizoporomoka zinarudishwa juu, kisha kipande cha titani kinatelezeshwa chini yake kama sakafu mpya. Unakuwa umelala usingizi kamili wa dawa. Jicho lenyewe halipasuliwi hata kidogo.

Kutu nayo haipo. Titani ikikutana na hewa au maji hujifunika mara moja kwa utando mwembamba sana wa oksidi, na utando huo ukikwaruzwa unajirudisha. Utando huo hauuchokozi mwili. Katika miaka ya 1950 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alifunga vifaa vya titani kwenye mifupa ya miguu ya sungura, na alipotaka kuvitoa akakuta mfupa umeshikamana navyo kabisa. Kutoka hapo ndipo tulipopata meno ya kupandikizwa yanayoshikiliwa na skrubu za titani, na baadaye vipande vya uso kama hicho unachoelezwa. Hakina haja ya kutolewa baada ya miaka. Sumaku haikivuti, kwa hiyo skani ya MRI, ile inayotumia sumaku, unaweza kupigwa ukihitaji, mradi umwambie mhudumu mapema. Askari wa mlangoni pale kwenye maduka makubwa atakupitishia kifaa chake na kwa kawaida hakitalia, maana chuma chenyewe ni gramu chache tu.

Sasa tuje kwenye kilichovunjika, kwa sababu usipokielewa hiki huwezi kupima kama bei ina maana.

Tundu la jicho ni kama koni iliyolala, mdomo wake mbele na ncha yake nyuma. Mifupa saba imeungana kulijenga. Ukingo wa mbele, huo unaougusa kwa kidole chini ya kope, ni mnene na mgumu. Lakini sakafu ina unene wa karibu nusu milimita tu, na ukuta wa upande wa pua ni mwembamba zaidi. Kwenye fuvu kavu ukimulika tochi upande mmoja, mwanga unapita hadi upande wa pili. Nikisema ni kama ganda la yai sitii chumvi. Na chini ya sakafu hiyo hakuna nyama ya kuishikilia. Kuna chumba cha hewa ndani ya shavu, ile inayoitwa sainasi.

Ubao ulipokupiga, msukumo mmoja ulipita kwenye ukingo wa mfupa na mwingine ukabana vilivyomo ndani ya tundu, na palipo dhaifu pakaachia. Mwaka 1957 madaktari wawili wa Marekani, Byron Smith na William Regan, waliueleza mvunjiko wa namna hii na kuupa jina la mvunjiko wa kupasukia nje, na jina hilo bado tunalo. Kuna upande wa heri hapa: mfupa ule ulivunjika kwa niaba ya jicho. Ungekuwa mgumu kama ukingo, huenda jicho lenyewe ndilo lingepasuka.

Tundu zima la mtu mzima lina ujazo wa takriban mililita 30, yaani vijiko sita vya chai. Jicho ni mililita 7 hivi. Kinachobaki ni mafuta, misuli, neva na mishipa ya damu. Sakafu ikiporomoka, mafuta yanashukia kwenye chumba cha hewa na jicho linajikuta katika nyumba kubwa kuliko ile lililozoea. Kwa kila mililita moja ya nafasi inayoongezeka, jicho huzama karibu milimita moja. Likizama milimita mbili, watu wa nyumbani wanaanza kuliona wakiwa wamekaa nawe mezani. Kwa hiyo nusu ya kijiko cha chai inatosha kubadilisha uso wa mtu. Kila nitakachosema kuhusu vipimo kinatoka kwenye nusu kijiko hicho.

Kuona viwili kuna sababu nyingine. Msuli unaolivuta jicho chini umepita juu kidogo tu ya sakafu hiyo. Nyuzi na mafuta yanayouzunguka yakinaswa kwenye ufa, unakuwa kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi: ukitazama juu, jicho la kulia linapanda, la kushoto linafika mwisho wa kamba na kusimama. Ubongo unapokea picha mbili. Ganzi ya shavu na meno nayo ni ya neva inayopita ndani ya sakafu kwenye kijifereji chake; ilitikiswa au kubanwa. Kwa watu wengi ganzi hii hupungua kwa miezi kadhaa. Upasuaji hauahidi kuiondoa, na mtu yeyote akikuambia kuwa titani itakurudishia hisia za shavu, muulize anajuaje.

Je, daktari wa kwanza alikosea? Si lazima. Mivunjiko mingi ya sakafu haihitaji kisu: ufa mdogo, jicho linatembea vizuri, halijazama. Hao tunawaangalia tu. Kasoro ilikuwa kutokukuita tena. Siku za mwanzo uvimbe hulisukuma jicho mbele, likaonekana liko sawa kabisa. Uvimbe ukiisha wiki ya pili ndipo ukweli unajitokeza, na wakati huo mgonjwa alishaambiwa amepona. Vilevile skani uliyopigwa ilikuwa ya kutafuta damu kwenye ubongo. Skani za namna hiyo mara nyingi huonyesha vipande vinene, vya milimita kadhaa kila kimoja, na mfupa wa nusu milimita unapotelea humo. Unahitaji skani ya CT ya tundu la jicho lenyewe, vipande visivyozidi milimita moja, yenye picha za kutoka mbele na za kutoka ubavuni.

Kuhusu kuchelewa nitakuambia wazi. Kwa mtu mzima wengi wetu tunapenda kufanya kazi hii ndani ya wiki mbili hivi, uvimbe ukishapungua na kovu halijakomaa. Wewe umepita hapo. Kovu sasa limeunganisha mafuta na utando wa sainasi, kingo za mfupa zimeanza kujifunga pale zilipo, na baadhi ya mafuta huenda yamesinyaa. Bado kazi inaweza kufanywa, na nimeifanya kwa watu waliokuja baada ya miezi mingi. Ni ngumu zaidi, na matokeo hayatabiriki kama yangetabirika mwezi uliopita. Jicho tunaweza kulirudisha mbele kwa kiasi kizuri. Kuona viwili ndiko kunakoweza kubaki kidogo, hasa ukitazama juu kabisa.

Sasa titani yenyewe.

Fikiria suti. Unaweza kwenda Gikomba ukapekua mtumba mpaka upate inayokukaribia, fundi akakupunguzia mikono. Unaweza pia kwenda kwa fundi akupime mabega, kifua, kiuno, akate kitambaa chako. Kipande cha kawaida ni wavu wa titani unaokuja kama bapa, au ukiwa umekunjwa kwa umbo la wastani wa watu wengi. Mpasuaji anaukata na kuukunja ukukae. Cha kupimiwa hutengenezwa hivi: skani yako inaingizwa kwenye kompyuta, upande usiovunjika unageuzwa kama kwenye kioo na kuwekwa juu ya upande uliovunjika, na pale panapopungua ndipo umbo la kipande linachorwa. Kisha printa inayoyeyusha unga wa titani kwa miale ya leza hukijenga tabaka kwa tabaka.

Ninacho kimoja mezani pangu ninapoandika, kimekaa juu ya nakala ya plastiki ya fuvu. Ukubwa wake ni kama stempu kubwa ya posta, unene haufiki milimita moja, na kimetobolewa matundu kama chujio la chai ili majimaji yapite. Mbele kina ulimi unaojikunja juu ya ukingo wa mfupa, kama kifuniko cha sufuria kinavyoshika mdomo wake. Ukikisogeza kidogo kinayumba. Ukikirudisha, kinakaa tuli, na hakikai mahali pengine popote. Huko kukaa mahali pamoja tu ndiko unakolipia.

Kwa nini kuna maana? Kwa sababu sakafu ya jicho haiko bapa. Nyuma ya jicho inapanda kama kilima kidogo, na kilima hicho ndicho kinacholisukuma jicho mbele. Ukiweka bati lililonyooka unaziba shimo vizuri kabisa, na jicho linabaki limezama. Halafu kipande kinatakiwa kiegemee mfupa mzima kwa nyuma, kwenye kijukwaa kilicho ndani sana, karibu na neva ya kuonea. Mpasuaji anafanya kazi hapo kupitia mlango mwembamba, damu ikichuruzika, mafuta yakimwangukia mbele ya macho.

Miaka yangu ya mwanzo niliukunja wavu kwa mkono pale thieta, nikitazama filamu ya skani iliyobandikwa ukutani. Mgonjwa alikuwa dereva wa matatu. Nilipofunga nilikuwa nimeridhika. Skani ya siku ya pili ilionyesha ncha ya nyuma ya wavu imening'inia ndani ya sainasi, haikugusa mfupa, na mafuta yamepita juu yake. Ilibidi nikae kitandani kwake nimweleze, kisha tukarudi thieta. Tangu hapo siingii bila kujua mahali kipande kitakapoegemea nyuma, na silali bila kuiona skani ya baada ya kazi.

Hata hivyo sisemi kila mtu anahitaji cha kupimiwa. Shimo dogo, sakafu pekee, kingo zinaonekana, mgonjwa amekuja mapema: wavu wa kawaida kwenye mikono yenye uzoefu unafanya kazi nzuri, na kumlipisha mtu huyo mara kadhaa zaidi si haki. Faida ya kipimo inakuja mahali mvunjiko ni mpana, umeshika sakafu pamoja na ukuta wa upande wa pua, kijukwaa cha nyuma kimeharibika, au kazi inafanywa kwa kuchelewa na alama za kawaida zimefunikwa na kovu. Wewe tayari una hilo la mwisho. Mengine skani itasema.

Na kuna njia ya kati ambayo wagonjwa wengi hawaambiwi. Fuvu lako linaweza kuchapishwa kwa plastiki, upande uliovunjika ukiwa umerekebishwa kwa kioo cha kompyuta. Mpasuaji anaukunja wavu wa kawaida juu ya nakala hiyo siku moja kabla, mezani, bila haraka, kisha unachemshwa kwa mvuke na kuingia thieta ukiwa na umbo lako. Plastiki ni nafuu kuliko titani ya kuchapishwa kwa mbali sana. Haifikii kipimo kamili, ila inakaribia kuliko macho na kidole. Ningekuwa mimi nimekaa na familia yako mkipanga mchango, hili ndilo ningetaka liulizwe kwanza: je, mvunjiko wangu unaweza kutengenezwa hivi? Kama jibu ni hapana, daktari akuonyeshe kwenye skani ni kwa nini. Na akuonyeshe kwa kidole mahali kipande kitakapoegemea nyuma. Daktari anayeijua kazi hii hatachukizwa na swali hilo.

Zipo na njia zisizo na chuma. Mfupa wako mwenyewe, wa kichwani au wa nyonga, bado unatumika. Haununuliwi, lakini unakuachia kidonda cha pili, ni mgumu kukunja, na sehemu yake huyeyuka na muda. Zipo pia plastiki zenye vitundu. Kwa shimo kubwa mimi hupendelea titani kwa sababu inaonekana wazi kwenye skani na haibadilishi umbo.

Hatari usifichwe. Kupoteza kuona kabisa kunatokea kwa nadra, chini ya mtu mmoja kati ya mia, lakini kunatokea, hasa damu ikijikusanya nyuma ya jicho. Ndiyo maana usiku wa kwanza nesi atakuamsha mara kwa mara akumulike tochi na kukuuliza anaonyesha vidole vingapi. Usimkasirikie. Kope linaweza kuvutika, maambukizi yanaweza kuingia, na wiki za mwanzo kuona viwili huenda kukazidi kabla ya kupungua. Kukibaki, kuna miwani yenye prizimu, yaani kioo kinachopindisha mwanga ili picha mbili zikutane, na hali ikishatulia kwa miezi sita hivi, daktari wa macho anaweza kurekebisha misuli yenyewe. Wiki kadhaa hupengi kamasi. Chafya ikija, ipige mdomo ukiwa wazi, maana hewa ya sainasi ikisukumwa hupanda hadi nyuma ya jicho. Mifuko ya saruji isubiri mpaka uruhusiwe.

Kabla ya hayo yote, jicho lenyewe likaguliwe. Ubao uliovunja mfupa unaweza pia kuwa umechana retina, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea picha, au kupandisha presha yake, na hakuna anayepaswa kulibana jicho thieta bila kujua hilo. Kwa hiyo anza kwa daktari wa macho, halafu daktari wa upasuaji wa mdomo na uso, na ukipata wanaofanya kazi pamoja ni bora zaidi. Hospitali ya Kenyatta ina idara zote mbili. Kwa upande wa macho ipo pia ya PCEA kule Kikuyu na ya Lions kule Loresho. Jina la daktari unaweza kulihakiki mtandaoni kwenye sajili ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya. Kuhusu SHA, yaani bima ya afya ya serikali, hospitali iombe idhini kabla ya kipande kuagizwa, nawe upate kwa maandishi wanalipa nini na nini kinabaki kwako. Kama kipande kinatoka nje ya nchi, uliza bei kamili ikiwa na ushuru na siku za kusafiri.

Usingoje miadi ukiona mojawapo ya haya: jicho linajitokeza mbele kwa ghafla na maumivu makali, kuona kunafifia, vimulimuli au kivuli kama pazia linashuka pembeni, au maji maangavu yanatiririka puani ukiinama. Hayo ni ya kwenda usiku huohuo. Na wazazi wanaosoma, chukueni hili: mfupa wa mtoto hupinda kama kijiti kibichi, ukafunguka na kujifunga tena, ukaubana msuli. Jicho laweza kuonekana jeupe halina hata damu, lakini mtoto hawezi kutazama juu, anatapika, amelegea, mapigo ya moyo yamepungua kasi. Watu hudhani ni tumbo au ubongo. Mtoto huyo hahesabiwi wiki mbili. Anahitaji thieta ndani ya siku moja au mbili.

Unapokwenda, kaka, usibebe filamu pekee. Omba CD yenye skani nzima, kwa sababu kompyuta inayochora kipande haisomi filamu. Beba pia picha zako za kabla ya ajali, hata ile ya kitambulisho, ili anayekupima aone macho yako yalikaaje zamani. Na mpaka daktari wa macho akuone, kazi yako iwe ya chini. Ngazi waachie wenzako.